Bakteria wangu walisimama kukua dakika 40, kisha wakaendelea. Nimekosea wapi?

Binti_M9 aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa mnaootesha bakteria, maana nimekaa na grafu hii siku 4 na bado sijaielewa.

Ninaotesha E. coli K-12 kwenye mchuzi wa M9, ule wa chumvi tupu usio na asidi amino, nikiwa nimeutia sukari mbili: glukosi asilimia 0.05 na laktosi asilimia 0.15. Joto ni nyuzi 37, chupa inatikiswa mizunguko 200 kwa dakika. Kila baada ya dakika 10 nachota kidogo na kupima OD, yaani ukungu wa mchuzi unaoonyesha wingi wa bakteria, kwenye spektrofotomita, nanomita 600. Ukungu ukizidi 0.4 nazimua sampuli kwanza, napima, halafu nazidisha.

Nilianza saa 2 asubuhi kwa OD 0.05. Walichelewa kidogo kuamka, kisha wakawa wanaongezeka mara mbili kila saa moja hivi. Kwenye skeli ya logi mstari ulinyooka kama umepigwa rula. Saa 6 mchana nikasoma 0.60. Dakika 10 baadaye 0.61. Halafu 0.61, 0.62, 0.61. Hawakusogea. Nikaamini wameshiba, nikaanza kuosha vyombo. Nilipopima mara ya mwisho, kwa mazoea tu, nikaona 0.66. Nikarudi kukaa. Kuanzia hapo walipanda tena, taratibu kuliko asubuhi, hadi wakagota kwenye 2.4 saa 10 jioni.

Msimamizi wangu aliitazama akasema ama nimekosea kuzimua, ama kitikisio kilisimama bila mimi kujua. Jana nikarudia. Ngazi ileile, karibu mahali palepale, safari hii dakika 45.

Na kuna la pili linaloniumiza kichwa. Wiki iliyopita nilichukua bakteria waliokuwa wanakua vizuri kwenye M9 yenye glukosi peke yake, nikawamimina kwenye mchuzi wa LB, ule wenye asidi amino tayari, uliokwishapashwa joto. Nilipima OD, na papo hapo nikapaka sahani ili nihesabu makoloni. OD iliruka karibu mara moja. Baada ya saa moja ilikuwa imezidi mara 4 na nusu hivi. Makoloni yaliongezeka mara 2 tu. Vipimo viwili, chupa moja, majibu mawili. Nikadhani mkono wangu ni mbovu kwenye kupaka sahani.

Kama kuna kosa niambieni waziwazi. Nataka kulijua.

---

Fundi_Inkubeta alijibu:

Pole dada. Kabla ya nadharia yoyote, funga milango hii.

Kitikisio: weka chupa nyingine pembeni yenye glukosi peke yake ya kutosha, asilimia 0.2. Ikiendelea kupanda wakati ile ya sukari mbili imesimama, mashine haina hatia, wala hewa.

Uchafu: mgeni anayekula laktosi akiingia kwenye chupa anaweza kukuchorea ngazi ya namna hiyo. Paka sahani kwa sampuli ya asubuhi, ya wakati wamesimama, na ya jioni, ulinganishe makoloni. Yakiwa sawa kwa umbo na rangi, hilo nalo limekwisha.

Kuzimua: pima sampuli moja ikiwa imezimuliwa mara 2, mara 5 na mara 10. Ukizidisha zote zikakupa namba moja, hujakosea.

Ila ikiwa umerudia na ngazi ikaja palepale, mimi ningeanza kuiamini. Kosa la mkono halina kawaida ya kurudi saa ileile.

---

Mzee_Pipeti alijibu:

Binti, usiifute hiyo grafu. Nimefundisha vitendo vya maabara miaka mingi, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayekuja kwangu na ngazi hiyo huku anaomba radhi. Kila mara nafurahi upya, kwa sababu umeona kwa macho yako kiumbe akibadili chakula.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo itakayomtuliza msimamizi wako. Glukosi asilimia 0.05 ni gramu 0.5 kwa lita. E. coli akiwa na hewa ya kutosha hugeuza takriban nusu ya uzito wa glukosi kuwa mwili wake, nusu nyingine anaichoma kwa nishati. Hiyo ni gramu 0.25 za bakteria wakavu kwa lita. OD 1 ni kama gramu 0.4 kwa lita, ingawa kila mashine ina namba yake. Gawanya 0.25 kwa 0.4 upate 0.62. Umesimama kwenye 0.61. Bakteria wako walisimama pale glukosi ilipokwisha. Hawakuwa wamechoka, wala mashine haikuzimika.

Sasa tazama sehemu ya pili. Kutoka 0.6 hadi 2.4 ni nyongeza ya 1.8, karibu mara 3 ya ngazi ya kwanza. Na laktosi uliyotia ni mara 3 ya glukosi. Kila ngazi imejengwa na sukari yake. Badili uwiano, tia asilimia 0.1 kwa 0.1, na utaona ngazi inahama kufuata glukosi. Hivyo ndivyo Jacques Monod alivyojihakikishia kule Paris wakati wa vita, akibadili uwiano wa sukari mbili na kutazama kituo, yaani pale ukuaji unaposimama, kikipanda na kushuka. Ukuaji huo wa ngazi mbili akauita diauksi, kutoka Kigiriki, yaani kukua mara mbili. Na ujue kwamba yeye naye hakuelewa alichokiona. Mwaka 1940 alimpelekea grafu yake André Lwoff wa Taasisi ya Pasteur, na Lwoff akamwambia huenda ni mambo ya vimeng'enya kujirekebisha. Monod alikuwa hajawahi kusikia kitu hicho. Miaka 25 baadaye wawili hao, pamoja na François Jacob, walipewa Tuzo ya Nobel, na swali lile la ngazi ndilo lililomwingiza Monod kwenye kazi hiyo.

Kwa nini basi wasiendelee moja kwa moja na laktosi, wakati ipo mchuzini tangu asubuhi?

Laktosi inahitaji vitu viwili: mlango wa kuiingiza ndani, na kimeng'enya cha kuikata, beta-galaktosidasi. Jeni za vyote viwili zimepangwa pamoja kwenye DNA, na juu yake amekaa mlinzi, protini inayozuia zisisomwe. Mlinzi huyo huachia akiguswa na alolaktosi, ambayo ni laktosi iliyogeuzwa kidogo na kimeng'enya kilekile. Hapo pana fundo: ili upate kimeng'enya unahitaji laktosi ndani, na ili laktosi iingie na kugeuzwa unahitaji mlango na kimeng'enya. Linalofungua fundo ni uvujaji. Mlinzi huachia kwa bahati mara mojamoja, kwa hiyo bakteria wengi huwa na milango michache na vimeng'enya vichache hata wasipovihitaji. Vichache hivyo ndivyo mbegu.

Lakini glukosi ikiwepo, hata vichache hivyo havifanyi kazi. Mtambo unaoingiza glukosi una protini moja ambayo, wakati glukosi inapita, huenda kuushika mlango wa laktosi na kuufunga. Vitabu vingi husimulia habari ya cAMP tu, ishara ndogo ya ndani ya seli inayochochea jeni hizo zisomwe, kwamba glukosi huishusha na jeni zikasomwa kwa uvivu. Hiyo ipo, ila tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kuwa kwenye diauksi ya glukosi na laktosi kazi kubwa ni ya kufungwa kwa mlango. Nalisema kwa mkazo kwa sababu nililifundisha vibaya kwa muda mrefu.

Glukosi inapokwisha, mlango unaachiwa. Utauliza, mbona dakika 40? Kimeng'enya hicho kina asidi amino 1,000 na ushei kwa kila kipande, na ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, inaunganisha kama 15 kwa sekunde. Kipande kimoja ni dakika moja na kitu, na vinne hukaa pamoja ndipo kifanye kazi. Dakika 5 zingetosha!

Zingetosha kama angekuwa anakula. Anajenga mtambo mpya siku ambayo ghala limekauka. Nishati haitoshi, asidi amino hazitoshi, na kwenye M9 hakuna wa kumpa za bure. Anabomoa baadhi ya protini zake za zamani ili apate vipande, na kulamba asetati kidogo, taka aliyoitema asubuhi alipokuwa anakula glukosi. Milango ya kwanza inaingiza laktosi kidogo, hiyo inamwondoa mlinzi, inajengwa milango zaidi, laktosi zaidi inaingia. Mwanzo ni mwembamba, mwisho ni mpana. Na hawaanzi wote pamoja. Aliyekuwa na milango mitatu kwa bahati anawahi, asiye nao anachelewa. OD inakuonyesha jumla ya wote, ndiyo maana huoni aliyeamka wa kwanza.

Kama una ONPG kwenye friji, rudia na uchote sampuli kila dakika 5 kuanzia OD 0.5. ONPG haina rangi, kimeng'enya kikiikata inakuwa ya njano. Utaona njano inaanza wakati OD bado imelala. Andaa na chupa ya pili uliyoitia IPTG tangu mwanzo. IPTG humwondoa mlinzi bila kuhitaji kukatwa na kimeng'enya, hivyo glukosi inapokwisha vimeng'enya vinakuwa vimekwishajengwa. Kituo kitafupika sana, pengine usikione kabisa.

Hilo la LB nitarudi, nina darasa.

---

Binti_M9 aliandika:

Mzee, nimepiga hesabu tena mwenyewe na mikono inatetemeka. 0.62! Nilikuwa na namba hizo zote daftarini na sikuwahi kuzigawanya.

Fundi, nimefanya uliyosema. Chupa ya glukosi 0.2 ilipita 0.6 bila kusimama. Makoloni ya asubuhi, mchana na jioni ni ya aina moja. Kuzimua mara 2, 5 na 10 kumetoa tofauti ndogo sana. Nasubiri ONPG.

Swali: nilipolirudia jaribio nilianza na bakteria waliolala usiku kwenye glukosi tupu, sawa na mara ya kwanza. Mbona kituo kiligeuka kutoka dakika 40 hadi 45?

---

Mzee_Pipeti alijibu:

Dakika 5 ni nusu tu ya umbali kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, usiisumbukie. Lakini historia yao ni kitu cha kweli. Waoteshe usiku kwenye laktosi, uwahamishie kwenye mchanganyiko wako, na kituo kitakuwa kifupi, kwa sababu vimeng'enya vya jana havitoweki. Vinagawanywa kwa watoto, nusu kwa nusu. Vizazi vitatu na nusu, ndivyo ulivyonavyo kati ya 0.05 na 0.6, vinaacha kama sehemu moja ya kumi na moja. Hiyo ni mbegu kubwa mno kuliko uvujaji.

Sasa LB. Mkono wako wa kupaka sahani ni mzuri, tena mzuri sana. OD inapima unene wa miili. Sahani inahesabu vichwa. Vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja pale tu ambapo chakula hakijabadilika kwa muda mrefu.

Jaribio lako lilifanywa Copenhagen na Ole Maaløe, Niels Ole Kjeldgaard na Moselio Schaechter, likachapishwa mwaka 1958. Walitumia Salmonella. Walipowahamishia kwenye chakula kizuri, kitu cha kwanza kuongeza kasi kilikuwa RNA, karibu papo hapo. Uzito ukafuata mara moja nyuma yake. DNA ilichukua kama dakika 20 kabla ya kushika kasi mpya. Na kugawanyika? Waliendelea kugawanyika kwa kasi ya zamani kwa dakika 70 hivi, kama vile hawajaambiwa, kisha wakabadilika kwa ghafla.

RNA inatangulia kwa sababu sehemu kubwa ya RNA ya bakteria ni ya ribosomu, na ribosomu ndiyo inayotengeneza protini zote, zikiwemo protini za ribosomu nyingine. Kwenye M9 bakteria anatumia nguvu nyingi kujitengenezea asidi amino zote 20 mwenyewe. Ukimmiminia LB, asidi amino zinakuja tayari. Vimeng'enya vya kuzitengeneza havina kazi tena, na anaacha kuvijenga. Ribosomu alizonazo zinapata malighafi tele, na zao la kwanza analoliwekeza ni ribosomu zaidi.

Kugawanyika kunachelewa kwa sababu safari yake huanza mapema. E. coli wa nyuzi 37 anayekua vizuri anahitaji kama dakika 40 kunakili DNA yake yote, na kama 20 nyingine hadi seli ikatike. Jumla saa moja. Seli inayogawanyika sasa ilianza safari hiyo saa moja iliyopita, kwenye M9, kwa mwendo wa M9. LB haiwezi kurudi nyuma kuiharakisha. Inaweza tu kuanzisha safari mpya nyingi zaidi, na matunda yake yanaonekana saa moja baadaye.

Kwa hiyo kwa saa moja miili yao inanenepa haraka, vichwa vinaongezeka kwa mwendo wa jana. Gawanya zako: mara 4 na nusu kwa mara 2, kila bakteria ameongezeka ukubwa zaidi ya mara mbili. Chukua tone uweke chini ya hadubini, mmoja wa kabla na mmoja wa baada ya saa moja. Wa LB utamkuta mrefu na mnene. Nakuomba ufanye hivyo, si kwa ajili ya ripoti, bali kwa sababu hiyo tofauti ikishaonekana kwa macho haisahauliki.

---

Tangi_la_Uchachu alijibu:

Naongeza upande wa kushuka, maana kazini kwangu kwenye matangi ndio unaotuumiza.

Ukiwatoa kwenye chakula kizuri kwenda kibaya, hawana anasa ya kujipanga taratibu. Asidi amino zikipungua, ribosomu inakwama na tRNA, mbebaji wa asidi amino, ikiwa tupu mkononi, na protini iitwayo RelA inahisi kukwama huko na kutengeneza ishara ndogo, ppGpp. Ndani ya sekunde chache ujenzi wa ribosomu mpya unabanwa. Michael Cashel na Jonathan Gallant waliiona mwaka 1969 kama madoa mawili yasiyojulikana kwenye kipimo chao, wakayaita madoa ya ajabu. Nina hakika hata kwenye kituo chako cha dakika 40, dada, ppGpp ilikuwa imepanda.

Lakini kituo chako ni kifupi. Wachukue E. coli wanaokimbia kwenye glukosi, uwaoshe, uwaweke kwenye asetati peke yake. Wanaweza kukaa saa kadhaa bila kukua. Njia ya glukosi inateremka kutoka sukari kwenda chini, ila kwa asetati inabidi wapande njia hiyohiyo kinyumenyume kujenga sukari wanazohitaji. Vimeng'enya vya kuteremka bado vimejaa, na kaboni kidogo inayopandishwa inavutwa chini tena. Na wale waliokuwa wanakua kwa kasi zaidi ndio wanaokwama muda mrefu zaidi. Hilo lilionyeshwa vizuri kwenye utafiti wa mwaka 2020. Mimi nilikuwa nimeligundua kwa kupoteza tangi zima: niliwalisha glukosi kwa pupa, wakatema asetati nyingi, glukosi ikakatika usiku, na asubuhi nikakuta hawajasogea. Tangu hapo nawadondoshea glukosi kidogokidogo, wakue chini ya uwezo wao wa juu. Wanachelewa kidogo mwanzoni, ila chakula kikiyumba hawakwami.

---

Binti_M9 aliandika:

ONPG imefika, nimefanya leo. Kwenye OD 0.5 hakuna rangi ninayoweza kuitofautisha na maji. Tangu OD isimame: dakika 10 hakuna kitu. Dakika 15, njano hafifu sana. Dakika 25 njano ya wazi, na OD bado 0.61. Dakika 40 njano kali, na ndipo OD ikaanza kupanda. Chupa ya IPTG ilikuwa ya njano tangu asubuhi na ngazi yake ni kigugumizi cha dakika 10 tu.

Na nimewatazama kwa hadubini, mzee. Wa LB ni wakubwa kweli. Nilimwita msimamizi wangu aje aone, akakaa kwenye hadubini muda mrefu bila kusema neno, kisha akaomba nimwandalie na grafu zote mbili kwa ajili ya kikao cha Ijumaa.

Swali moja dogo. Sampuli zimekuwa nyingi, siwezi kuzipima zote zikiwa mbichi. Nikiziweka kwenye barafu, hazitaendelea kutengeneza kimeng'enya?

---

Fundi_Inkubeta alijibu:

Kwenye barafu peke yake kasi inashuka karibu na sifuri, lakini wakati chupa inapoa bado wanajenga. Ukiwa na kloramfenikoli, tia kidogo kwenye kila kijichupa kabla ya kuchota sampuli. Inasimamisha ribosomu hapohapo, na kimeng'enya kilichokwishajengwa hakiguswi. Kisha barafu, na upime siku hiyohiyo. Usisahau kijichupa kimoja chenye kloramfenikoli na mchuzi mtupu usio na bakteria, ndicho sifuri yako.